Maswali ya Wasomaji: Nataka Kufua Chuma, Nianzie Wapi?

Barua zinazouliza kuhusu uhunzi zimezidi kuwa nyingi, na mhariri ameona heri zijibiwe kwa pamoja katika toleo hili. Anayejibu si mhunzi wa ukoo wala si mwalimu wa chuo. Ni mtu aliyeanza kufua chuma ukubwani, kwa kupenda tu, na ambaye kwa miaka tisa sasa hutumia Jumamosi zake katika banda dogo nyuma ya nyumba. Mtu huyo ni mimi, na ninayoyaeleza nimeyapata kwa wahunzi walionivumilia na kwa moto wenyewe. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi yameachwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 34, na ninaishi Morogoro katika nyumba yenye ua wa kutosha. Kwa muda mrefu nimetamani kujifunza uhunzi uwe burudani yangu ya mwisho wa juma. Nilipotazama video kwenye intaneti niliona watu wa Marekani na Ulaya wakitumia matanuri ya gesi, fuawe (vyuma vizito vya kufulia juu yake) za kilo 100 na nyundo za mashine, nikakata tamaa. Je, mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuanza, na anunue nini kwanza? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu yangu wa Morogoro, katika mwezi wako wa kwanza wa kujifunza usinunue kitu. Tafuta mhunzi anayefanya kazi, umwombe ukae naye siku nzima, na akikubali uombe kazi ya kuvukuta, yaani kuupulizia moto upepo kwa mvukuto. Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na watu wengi huitaja methali hiyo kana kwamba kuvukuta ni kazi ya aliyeshindwa kushika nyundo. Mimi naona kuwa hilo ndilo darasa lenyewe, kwa sababu anayevukuta huutazama moto muda wote, ilhali mwenye nyundo huutazama pale tu anapotia na kuchomoa chuma. Mikono yako itajifunza tofauti kati ya pumzi ndefu ya polepole, inayopenyeza joto hadi katikati ya chuma, na pumzi fupi za haraka zinazounguza ngozi ya chuma huku moyo wake ukiwa bado baridi.

Walimu wapo. Huko Mamba, karibu na Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, bado wamo wahunzi wa Kichaga wanaofua mikuki na visu mbele ya wageni, na ukifika Kamukunji mjini Nairobi utazisikia nyundo kabla hujaziona karakana. Hapo Morogoro ulipo, waulize wanaouza visu na vijembe sokoni ni nani aliyevifua, kisha ufuate jibu hilo hadi mlangoni kwake. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA hufundisha uchomeleaji na uungaji wa vyuma, na maarifa hayo yatakusaidia, lakini kuchomelea si kufua: mchomeleaji huunganisha vipande vilivyokwisha kukatwa, na mhunzi hubadilisha umbo la chuma chenyewe kikiwa laini motoni.

Kuhusu vile vifaa ulivyoviona, ni vizuri, ila uhunzi haukuanzia hapo. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa zaidi katika biashara yao. Wafipa wa kusini-magharibi mwa Tanzania walitoa chuma kwenye mawe yake kwa matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mvukuto, na katika sehemu nyingi za nchi zetu fuawe ilikuwa jiwe gumu lililochaguliwa vizuri. Ukiwa na ua, mkaa na nyundo moja, hujapungukiwa na kitu cha lazima.

Tengeneza kalibu, yaani jiko la mhunzi, ya chini kama walivyofanya wahunzi wa zamani. Chimba shimo la kina cha sentimita 20, lenye upana wa sufuria ya kupikia watu sita, kisha ulikandike kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, na uuache ukauke kabisa kabla ya kuwasha, kwa maana udongo mbichi hupasuka. Ubavuni uingize bomba la chuma la inchi moja lisilopakwa zinki, mdomo wake ukiwa sentimita saba au nane juu ya kitako ili majivu yapate pa kukaa. Kwa upepo, wahunzi wengi wa mtaani hutumia gurudumu la baiskeli linalozungushwa kwa mkono na kuendesha pangaboi dogo kwa mkanda. Feni ya umeme inafaa pia, lakini mwanafunzi namshauri atumie mkono, kwa kuwa mkono ukipumzika moto nao hupumzika, na feni iliyosahauliwa huteketeza mkaa na chuma wakati wewe unatafuta koleo.

Mkaa wa kawaida wa kupikia unatosha. Uvunje vipande vya ukubwa wa ndimu, kwa kuwa vikubwa huacha mianya inayopitisha hewa bila kuungua, na vumbi lake huuziba moto. Chuma kikae katikati ya kaa la moto, chini yake pakiwa na makaa na juu yake pia, mbali kidogo na mdomo wa bomba. Kikiwa mbele kabisa ya bomba hupokea hewa nyingi kuliko moto unavyoweza kuitumia, na hewa hiyo hukigeuza magamba. Pembezoni nyunyiza maji kidogo mara kwa mara ili moto usitambae hadi kwenye mkaa usiouhitaji.

Jambo ninalokusihi ulitilie maanani kuliko yote ni rangi. Chuma huanza kung'aa wekundu hafifu kikifika nyuzi 550 za Selsiasi hivi, na wekundu huo huonekana mahali penye giza tu. Kwenye nyuzi 650 huwa na rangi ya damu ya mzee. Kwenye 950 hufanana na nyama ya papai lililoiva. Na kikipita 1,100 huwa cha manjano kama ndizi mbivu. Chuma laini hufuliwa kati ya papai na ndizi, na kinaporudi kwenye damu ya mzee kirudishe motoni, kwa sababu kupiga chuma kinachopoa huchosha bega bila kubadilisha umbo. Ukikisahau hadi kikapita nyuzi 1,300 kitaanza kurusha cheche nyeupe, na hapo kinaungua chenyewe. Sehemu hiyo ikate uitupe, maana haiponi. Haya yote huwezi kuyaona kwenye jua la saa sita, linaloufanya wekundu uonekane mweusi na kukufanya uzidishe moto bila kujua. Ndiyo maana kiwanda cha mhunzi huezekwa na huwa na kiza kidogo, na ndiyo maana nakuomba ujenge kibanda kabla ya kununua chombo cha pili.

Sasa ununuzi. Nyundo ya gramu 800 hadi kilo moja, miwani ya kinga, ndoo mbili, moja ya maji na nyingine ya mchanga, na nondo ya milimita 12. Koleo liache kwanza: kipande cha nondo cha sentimita 60 hushikika kwa mkono upande wa pili, na kwa kipande hicho unaweza kufanya kazi za miezi mitatu. Anza kwa kutoa ncha yenye pande nne zilizo sawa, bila kuiacha ipinde. Ukiweza hiyo mara kumi mfululizo, fua ndoano ya kutundikia, kisha chuma cha kuchokolea moto chenye shina lililosokotwa, na mwisho fua koleo lako mwenyewe.

Vaa nguo za pamba au jinzi, kwani nguo za nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi. Vaa viatu vya ngozi vilivyofunikwa, suruali ikishuka juu yake ili cheche zisiingie ndani. Na ukumbuke kwamba chuma chekundu hakimuunguzi mtu mzima, kwa kuwa anakiona. Kinachounguza ni chuma cheusi kilichoachwa chini dakika tano zilizopita, ambacho bado kina nyuzi 300. Kabla ya kuokota chochote, pitisha mgongo wa kiganja juu yake.

SWALI: Muuza vyuma chakavu ameniletea kipande cha reli chenye urefu wa nusu mita na kuniambia kuwa hakuna fuawe bora kuliko hiyo. Bei yake ni nafuu. Ninunue? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usinunue, ndugu yangu, isipokuwa kama ana karatasi zinazoonyesha kilikotoka. Ni kweli kwamba reli hufanya fuawe nzuri, na ni kweli vilevile kwamba vipande vingi vinavyozunguka mitaani vimeng'olewa mahali ambapo treni bado inapita. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015, na mwezi Januari 2022 serikali yenu ilisimamisha biashara hiyo nchi nzima kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa minara ya umeme na miundombinu mingine. Kwa hiyo jambo hili linachunguzwa, na atakayekutwa na kipande hicho ni wewe. Hata kama hakuna atakayekukuta, mimi nisingeweza kufua juu ya chuma ambacho kukosekana kwake kungeweza kuangusha behewa.

Njia nyingine zipo, na mojawapo naipenda kuliko reli. Nunua kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, ya kilo sita au zaidi, ukichimbie nusu yake katika kisiki cha mti mgumu, uso wake ukitazama juu. Uso huo ni mdogo, lakini uzito wote umekaa chini yake moja kwa moja, na hapo ndipo nyundo yako inapodunda. Mara nyingi wanaoanza hutafuta fuawe pana, ilhali kwa kazi ndogo eneo linaloguswa na nyundo halizidi kiganja cha mtoto. Kipande kinene cha ekseli ya lori kilichosimamishwa wima kinafaa kwa sababu hiyo hiyo. Epuka chuma cha kumimina, kama kile cha bloku ya injini, kwa kuwa huvunjika kikipigwa.

Ukitaka kupima chuma unachouziwa, chukua gololi ya beringi, uiachie kutoka urefu wa sentimita 30: uso mgumu utairusha juu zaidi ya nusu ya urefu huo, na ulio laini utaimeza. Kisiki kiwe na kimo ambacho ukisimama wima mkono ukining'inia, vifundo vya ngumi yako viguse uso wa fuawe. Kikiwa chini zaidi mgongo utauma, na kikiwa juu zaidi bega ndilo litakalouma. Kuhusu majirani, sumaku kubwa ikibandikwa ubavuni mwa fuawe hupunguza mlio sana, na saa za kufua zijulikane.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mwanza. Nilifua kisu kwa nondo, nikakitia maji kikiwa chekundu, nacho kikawa butu baada ya kukata vitunguu viwili. Nikajaribu kipande cha springi ya lori, nikakitia maji vilevile, kikatoa mlio na kupasuka. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hukukosea mkono, ulikosea kudhani kuwa chuma ni kimoja. Tofauti iko kwenye kaboni. Chuma laini, ambacho nondo nyingi hukaribiana nacho, huwa na kaboni kidogo mno, robo ya asilimia moja au pungufu, na kwa hiyo hata ukikitia maji mara mia hakiwezi kuwa kigumu kiasi cha kushika makali. Springi bapa ya lori ina kaboni ya takriban asilimia 0.6, na tupa huwa na asilimia moja au zaidi. Hivyo ndivyo vyuma vinavyogumika, na wazee wetu walikuwa na maneno yake, pua na feleji, kwa kuwa walijua si kila chuma kinafaa kwa upanga.

Unaweza kuvitambua kwa cheche. Gusa chuma kwenye grenda, jioni au kivulini: chuma laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka yenye matawi machache, na chenye kaboni nyingi hutoa mistari mifupi inayopasukapasuka kama maua. Weka pembeni kipande cha nondo na tupa mbovu unavyovijua, uwe unalinganisha navyo kila unapookota kitu kigeni. Lakini hata springi nayo uichunguze, kwa sababu iliyokwisha kubeba mizigo kwa miaka mingi huweza kuwa na nyufa zisizoonekana, na nyufa hizo hufunguka wakati wa kugumisha. Ukipata karakana inayokata springi mpya, masalio yao ni bora kuliko springi nzee iliyovunjika.

Springi yako ilipasuka kwa sababu maji huondoa joto haraka kuliko chuma hicho kinavyoweza kustahimili. Springi hutiwa kwenye mafuta. Lakini kabla ya mafuta yapo mambo ambayo wengi huyaruka. Ukimaliza kufua, kipashe kisu moto hadi kiwe chekundu, ukiache kipoe chenyewe hewani, urudie hivyo mara tatu. Nyundo zako zimekiacha chuma kikiwa na mivutano ndani yake, na kupoa huko kwa utulivu huituliza. Kisha fungua spika mbovu ya redio utoe sumaku. Chuma hupoteza uwezo wa kunaswa na sumaku kikifika nyuzi 770 hivi. Pasha kisu taratibu, ukikipitisha juu ya sumaku mara kwa mara, na kitakapoacha kunasa kiongezee wekundu kidogo tu, moto uwe sawa kuanzia shina hadi ncha. Ukizidisha hapo, chembe za chuma hukua na kisu kitavunjika kama biskuti.

Mafuta yawe ya kupikia, lita nne au tano katika chombo kirefu cha chuma chenye mfuniko, yakiwa na uvuguvugu wa nyuzi 60, kwa kuwa yakiwa baridi huwa mazito na hayapoozi vizuri. Oili chafu ya gari usiitumie, maana moshi wake una masizi na mabaki ya metali. Shusha kisu wima, ncha ikitangulia, ukisogeze mbele na nyuma kwa mwelekeo wa makali, wala usikitikise kwa ubavu kwani kitapinda. Mafuta yanaweza kushika moto juu. Funika, usimwagie maji kamwe. Kikipoa, pitisha tupa kwenye makali: ikiteleza kama juu ya kioo, umefaulu.

Kazi haijaisha hapo, kwa kuwa kisu hicho sasa ni kigumu lakini kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika vipande viwili. Ndani ya saa hiyo hiyo kisugue king'ae, ukiweke kwenye jiko la kuokea mikate kwa nyuzi 200 kwa muda wa saa moja, kipoe, kisha urudie. Usipokuwa na jiko hilo, pasha moto kipande kinene cha chuma hadi kiwe chekundu, ukiweke chini, ulaze mgongo wa kisu juu yake, utazame rangi zikitembea kwenye sehemu iliyong'arishwa: manjano hafifu, rangi ya asali, kahawia, zambarau, kisha buluu. Makali yakifika rangi ya asali kitoe. Ukisubiri buluu utapata springi nzuri na kisu kibaya.

Niseme pia jambo ambalo huenda hukutaka kulisikia. Kisu ni kazi ya mwaka wa pili. Hukusanya kufua, kugumisha, kunoa na kutia mpini kwa pamoja, na kosa la hatua yoyote hujificha hadi ya mwisho. Fua kwanza tindo ya springi, fupi na nene, uigumishe makali yake tu. Itakufundisha yote haya kwa saa mbili, na ikiharibika hutalia.

SWALI: Baba yangu anasema mwanamke hakaribii kalibu, kwamba ni mwiko na chuma kitakataa. Mimi ni mwalimu, nina nguvu za kawaida, na ninautaka sana ufundi huu. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Dada yangu, baba hakuzua neno. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na Kati tanuri la kutolea chuma lilifananishwa na mwanamke anayezaa, na kwa hiyo waliolihudumia walijitenga na wake zao kwa siku za kazi, na wanawake walikatazwa kulikaribia. Mheshimu kwa kulijua hilo. Lakini miiko hiyo ililizunguka hasa tanuri la kutoa chuma kwenye mawe yake, kazi ambayo wewe hutaifanya. Chuma unachokwenda kukifua kilikwisha kutolewa kiwandani na watu wasiojua miiko hiyo kabisa, nacho hakikukataa. Labda umweleze baba hivyo kwa upole, kisha umfulie kitu cha kwanza yeye.

Kuhusu nguvu, mhunzi mzuri hainui nyundo kwa misuli kutwa nzima. Huiinua, kisha huiacha ianguke kwa uzito wake, na kidole gumba na viwili vya mbele huiongoza. Anza na nyundo ya gramu 700. Ukiona unaibana mpini kwa ngumi, pumzika, kwa sababu kubana ndiko kunakoleta maumivu ya kiwiko ambayo yamewastaafisha wanaume wengi wenye vifua vipana.

SWALI: Nilifua bomba la maji la zamani. Usiku huo nilipata homa, kutetemeka na kifua kubana. Nilipima malaria, hakikuonekana kitu, na kesho yake jioni nikapona. Ni nini hiki? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu yangu, nenda tena hospitali umweleze daktari kuhusu bomba hilo, kwa sababu dalili hizo zinafanana sana na homa ya moshi wa zinki. Mabomba ya maji na mabati hupakwa zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907, yaani chini ya joto la kufulia. Moshi wake huwa mweupe, na majivu yake ni kama pamba. Homa huja baada ya saa kadhaa, na ndiyo maana watu huidhania malaria. Mafundi wengi huamini kuwa kunywa maziwa huzuia, hayazuii. Kinga ni moja, kutotia motoni chuma chochote chenye ngozi ya fedha, iwe ya zinki au ya kromiamu, na hata kile usichokijua kilipakwa nini.

Nyongeza mbili za haraka. Shokabuzoba na bomba lolote lililozibwa ncha zote mbili lisiingie motoni, kwa kuwa kilichomo ndani hutanuka na kulipuka. Na usifue ndani ya chumba, hata mvua ikinyesha, kwani mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na anayeivuta huhisi usingizi tu.

SWALI: Mimi ni mzee mstaafu wa hapa Mwanga. Babu yangu alikuwa mhunzi wa ukoo wa Washana. Nimerithi koleo lake, nyundo isiyo na mpini na kipande cha mvukuto, vyote vina kutu. Nataka niviamshe nifue navyo pamoja na wajukuu wangu, wa miaka 8 na 12. Nivisafishe vipi? (Msomaji, Mwanga)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine zote. Washana ndio waliojulikana Ugweno, katika milima ya Upare, kwa ufundi wa chuma hata wakatawala kwa sababu yake, na chuma cha Upare kilivuka bonde hadi kwa Wachaga waliokihitaji kwa mikuki na majembe. Vitu ulivyonavyo ni mabaki ya kazi hiyo, na kwa heshima naomba usifue navyo.

Sababu ni hii. Koleo la babu yako huenda limefuliwa kwa chuma kilichotolewa kwenye mchanga au mawe ya huko huko, chenye nyuzinyuzi na mavi ya chuma, yaani takataka za tanuri, ndani yake, na ukiliingiza motoni tena litapoteza alama za mkono wake. Wewe na wajukuu fueni koleo jipya kwa kulitazama hilo, mkipima urefu wa mikono yake na umbo la mdomo wake. Kwa njia hiyo watashika kazi ya babu yao bila kuiharibu.

Mjukuu wa miaka 12 anaweza kupiga chuma kwa nyundo ya gramu 500 wewe ukishika chuma, akiwa amevaa miwani. Wa miaka 8 avukute, naye avae miwani. Mwambie atangaze rangi kwa sauti kila anapoiona, damu ya mzee, papai, ndizi, nawe usichomoe chuma hadi aseme. Muda mfupi tu atakuwa anaona mapema kuliko wewe.

Kutu usiiondoe kwa grenda wala kwa tindikali. Tumia brashi ya nyuzi za shaba na mafuta mepesi ya cherehani, upanguse, uache usiku mmoja, urudie hadi kitambaa kitoke bila wekundu. Ile kutu nyeusi iliyoshikamana iache, kwa kuwa ndiyo inayolinda chuma kilichopo chini yake. Mwisho paka nta ya nyuki kidogo chuma kikiwa na joto la jua, na uvihifadhi juu ya mbao, mbali na sakafu ya saruji yenye unyevu. Kipande cha mvukuto kama kina ngozi usikitie mafuta wala maji. Kipanguse vumbi kwa brashi laini na ukiweke kivulini. Kisha mwambie mjukuu wa miaka 12 aandike kwenye daftari jina la babu, mahali kiwanda chake kilipokuwa, na kila unachokumbuka alichokifua.